Msikiti wa Kizimkazi na Mawe ya Wazee Wetu



Sisi watu wa Jang'ombe hatukurithi majumba. Wazee wetu walipokuja kukaa huku Ng'ambo, yaani upande wa pili wa ile pwani iliyokuwa ikijaa maji baina yetu na Mji Mkongwe kabla ya kufukiwa, walijenga kwa miti na udongo na kuezeka kwa makuti, na nyumba ya namna hiyo umri wake ni kama umri wa mwenyewe: akizeeka nayo huinama, na akifa aghalabu haimalizi masika mengi baada yake. Kwa ajili hiyo mtoto wa Jang'ombe akiulizwa ni kitu gani cha kale kilichopo kwao, hutaja watu, hataji ukuta. Kilichokuwa cha mawe mitaani mwetu ni msikiti tu, na hata huo si kila mtaa. Mtu alikuwa radhi yeye alale ndani ya udongo, lakini nyumba ya kusalia achange ijengwe kwa mawe na chokaa.

Nina ada kila mwaka kuwachukua wanafunzi wangu wakubwa, wale waliokwisha kuhitimu msahafu, nikaenda nao mahali wakaone kwa macho yao yale wanayoyasikia chuoni. Mwenyezi Mungu ametuhimiza tutembee katika ardhi tutazame yaliyowafika waliotutangulia, na mtoto wa mjini asipotolewa mjini hudhani dunia yote ni Darajani. Safari hii tulikwenda Kizimkazi Dimbani, siku ya Alkhamisi, siku ambayo chuo hakisomeshwi. Tulifuatana na mzee mmoja wa mtaa wetu, mwashi wa zamani, ambaye mikono yake imejenga na kutengeneza misikiti mingi kuliko aliyobahatika kusali ndani yake. Yeye ndiye aliyetufunza mengi ya haya ninayoyaandika, ijapokuwa alinikataza kulitaja jina lake.

Kutoka Jang'ombe hadi Mwanakwerekwe ni mwendo mfupi, na hapo ndipo penye magari ya shamba ya kusini. Barabara hupita Tunguu, ikaiacha njia ya Unguja Ukuu upande wa kulia, ikaingia chini ya miti ya msitu wa Jozani ambako kima punju huvuka njia bila ya kumjali mtu, kisha Kitogani, na tangu hapo ikageukia kusini katika nchi ya uwanda. Huko ni mawe yenye ncha na vichaka. Jembe halizami, na mkulima hupanda muhogo wake katika mifuko ya udongo iliyo baina ya jiwe na jiwe. Mzee mwashi akawaambia vijana, "Yatazameni vizuri mawe haya, kwani mji wenu wote umetoka humu." Nao wakayatazama, mmoja akauliza kama ni mawe ya aina gani, akajibiwa kuwa ni bahari iliyokauka, kwani zama za kale yote hayo yalikuwa matumbawe chini ya maji, kisha maji yakarudi nyuma yakayaacha.

Dimbani ni mji wa wavuvi wenye hori nzuri, na siku hizi wageni wengi huja kupanda mashua kwenda kuwatazama pomboo. Wengi wao huondoka bila ya kujua kuwa hatua chache kutoka pwani pana kitu kikubwa kuliko pomboo. Wala si ajabu, maana msikiti wenyewe ukiutazama kwa nje hauna la kumvuta mtu: kuta zilizopakwa chokaa, paa la mabati, makaburi ya kale pembeni yake. Mtu aweza kupita akadhani ni msikiti wa juzi.

Tuliingia kwa swala ya adhuhuri. Tulisali kwa jamaa pamoja na wenyeji, na hilo nataka msomaji alishike mapema: huo si gofu, ni msikiti unaosaliwa. Baada ya swala tukakaa mbele ya mihirabu, nao wanafunzi wangu ambao hawanyamazi chuoni hata kwa bakora wakanyamaza.

Mihirabu hiyo imejengwa kwa tumbawe lililochongwa, na tao lake lina mikunjo, si tao la kawaida. Pembeni mwake umepita utepe wa maandishi ya Kiarabu kwa hati ya Kufi, ile hati ya zamani yenye pembe na vichwa vilivyochanua kama maua, ambayo hata mimi niliyeshika kalamu ya mwanzi tangu utotoni siisomi ila kwa kukisia herufi moja moja. Aliyeifungua kwa uhakika ni mwanachuoni wa Kizungu aitwaye Samuel Flury, ambaye aliiandika habari yake mwaka 1922. Maandishi yasema kwamba Sheikh Sayyid Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad ndiye aliyeamrisha msikiti huo ujengwe, na siku yake yaangukia mwezi wa Mfunguo Pili, yaani Dhul-Qaada, mwaka wa 500 wa Hijria, ambao ni mwaka 1107 kwa hesabu ya Kizungu.

Nikawataka vijana wauweke mwaka huo mahali pake. Mwaka wa 500 Imamu Ghazali alikuwa bado yu hai. Alifariki mwaka wa 505. Baitul Muqaddas ilikuwa mikononi mwa Wasalibu tangu miaka minane tu nyuma yake. Sayyid Said bin Sultan, ambaye kwa watu wengi ndiye mwanzo wa habari za Unguja, alikuja kuhamia hapa zaidi ya miaka mia saba baadaye. Basi wakati huo, katika kijiji hiki cha kusini, palikuwa na watu wenye imamu wao, wenye fundi ajuaye kuchonga hati ya Kufi juu ya tumbawe, na wenye mali ya kutosha kumlipa. Pambo la hati hiyo limefananishwa na mawe ya makaburi ya Siraf, bandari ya Uajemi iliyokuwa ikifanya biashara na pwani yetu. Kama fundi alikuja na jahazi, au kama alikuwa mtu wa hapa aliyejifunza kwa aliyekuja na jahazi, jiwe lenyewe halisemi. Lakini jiwe ni la bahari yetu.

Wenyeji wana hadithi yao juu ya jina la mji, kwamba Kizi alikuwa mfalme na Kazi alikuwa mwashi wake, na kwamba mfalme alimkata mkono mwashi baada ya kazi kwisha ili asimjengee mwingine mfano wake. Mzee wetu aliposikia hadithi hiyo alicheka akaificha mikono yake kanzuni. Sijui thamani ya hadithi hiyo katika tarehe, lakini naona yafaa isimuliwe, kwani yaonyesha kuwa hata wasiojua kusoma Kufi walijua kuwa hapa ilifanywa kazi isiyo na mfano.

Sasa naja kwenye jambo lililonifanya niichukue kalamu. Msikiti huo una maandishi ya pili, ya mwaka 1184 wa Hijria, yaani 1770. Na wataalamu waliouchunguza, kama Peter Garlake aliyechapisha kitabu chake juu ya majengo ya Kiislamu ya pwani hii mwaka 1966, na baadaye Mark Horton na wenziwe waliochimba hapo, wamebainisha kuwa kuta nyingi zinazoonekana leo si za mwaka wa 500. Ni za karne ya 18. Msikiti wa mwanzo ulichakaa, na watu wa zama hizo wakajenga upya. Lakini mihirabu wakaiacha. Maandishi wakayaacha. Walijenga kuta mpya wakaziunganisha na kile cha kale, kama mtu anayeitoa johari katika pete iliyokatika akaitia katika pete nyingine.

Hawakuwa na idara ya mambo ya kale wala mtaalamu wa kutoka ng'ambo wa kuwaambia. Walikuwa wavuvi na wakulima wa muhogo, na inawezekana kabisa kwamba hapakuwa na mmoja wao aliyeweza kuisoma ile hati. Kwa nini basi hawakuivunja? Nimeliwaza swali hilo tangu tuliporudi, nalo lina sababu ya kunishughulisha.

Karibu na chuo changu hapa Jang'ombe upo msikiti mdogo wa mawe, safu tano za wenye kusali, kuta zake nene, dari yake ya boriti. Sitautaja jina kwa kuwa shauri lake bado liko mikononi mwa watu. Kila ifikapo masika maji huingia. Ametokea mtu mwenye uwezo, Mwenyezi Mungu amlipe kwa nia yake, akasema yuko tayari kuujenga upya kwa ghorofa mbili, sakafu ya marumaru, na mashine za kupoza hewa, ila kwa sharti moja: wa zamani uvunjwe wote, usibakie hata ukuta. Jamaa wamegawanyika. Na ajabu ni kuwa wazee ndio wengi wanaotaka uvunjwe, maana wao ndio wanaotonewa na maji migongoni wakisujudu; na vijana ndio wanaosema uachwe, ambao baadhi yao hatuwaoni msikitini ila Ijumaa. Kila upande umenijia nyumbani kutaka nieleze rai yangu mbele ya watu.

Katika sheria hakuna ubishi kuwa msikiti uliochakaa waweza kujengwa upya. Msikiti wa Mtume (S.A.W.) huko Madina ulikuwa wa matofali ya udongo mbichi, nguzo zake magogo ya mitende na paa lake makuti ya mtende, Sayyidna Umar aliupanua, na Sayyidna Uthman akaujenga kwa mawe ya kuchongwa na dari ya msaji. Al-Kaaba yenyewe ilijengwa upya na Makureshi kabla ya Utume, kisha na Abdallah bin Zubeir, kisha Hajjaj akairejesha mwaka wa 693. Anayesema kuwa kuta za zamani ni takatifu na haziguswi, huyo amezidisha. Sisi hatuabudu mawe. Lakini anayesema kuwa kwa sababu hatuabudu mawe basi mawe hayana hishima, naye amezidisha kwa upande wake. Sadaka ya mtu aliyekufa imo ndani ya kuta hizo. Kila jiwe lilibebwa na mtu kichwani, kutoka machimboni, kwa ajili ya thawabu zisizokatika.

Nilimwuliza mzee mwashi, tukiwa tumekaa barazani pale Dimbani tukila mihogo na papa, "Mzee, msikiti wetu unakufa kwa uzee?"

Akasema, "Maalim, ukuta wa chokaa haufi kwa uzee. Hufa kwa paa, au hufa kwa simiti."

Akatueleza, nami nayaandika kwa urefu kwa kuwa waashi wanaoyajua haya wanapungua. Ukuta wa kale wa Unguja hujengwa kwa mawe ya uwanda yasiyochongwa, yaliyoshikwa kwa chokaa na mchanga, pengine na udongo mwekundu. Chokaa chenyewe hutokana na matumbawe: hupangwa magogo, juu yake hurundikwa mawe, hutiwa moto ukawaka usiku kucha mpaka mawe yakawa meupe na mepesi, kisha humwagiwa maji yakavunjika yakawa unga. Chokaa hicho hakitumiwi siku ile ile. Huachwa kikakaa shimoni na maji, miezi, na kila kikikaa huzidi kuwa laini. Kwa mihirabu na madirisha yenye pambo, waashi walikuwa wakitumia tumbawe lililokatwa likiwa bado hai baharini, ambalo likiwa bichi hukatika kama jibini na likikauka juani huwa gumu. Ndilo lililobeba hati ya Kufi miaka mia tisa.

Dari ni boriti za mikoko, zilizokuwa zikiletwa kwa majahazi kutoka Rufiji. Boriti ina urefu wake, haizidi. Ndiyo maana vyumba vya kale vya Unguja ni vyembamba na misikiti yetu ya kale imejaa nguzo. Juu ya boriti hupangwa mawe madogo, kisha sakafu ya chokaa na kokoto, ambayo hupigwa kwa vigongo siku kwa siku na watu wengi, kwa nyimbo, mpaka ikashikana isipitishe maji. Kisha kuta hupigwa lipu ya chokaa na kupakwa kila mwaka kabla ya Ramadhani. Kazi hiyo ya kila mwaka watu huidhania ni ya urembo, kumbe ndiyo dawa. Chokaa kile cha juu ndicho kinacholiwa na mvua na chumvi badala ya ukuta. Kikiliwa hupakwa kingine.

Sasa akija mtu na simiti, huona ameleta nguvu. Lipu ya simiti ni ngumu, haipitishi maji. Lakini ukuta wa mawe na chokaa hupumua: unyevu hupanda kutoka chini na hutoka kupitia lipu. Ukiufunga kwa simiti, maji hubaki ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, na baada ya masika machache simiti huanguka vipande vikubwa pamoja na uso wa ukuta. Mwenye nyumba husema, "Angalieni ukuta wa zamani ulivyokuwa mbovu!" Na paa vivyo hivyo: maji yakipata tundu moja huozesha vichwa vya boriti, mahali vilipoingia ukutani ambapo hapaonekani, boriti ikiteremka, ukuta uliokuwa ukishikwa nayo huanza kuinama nje. Mwanzo wa yote ni tundu ambalo fundi mmoja angeliziba kwa siku moja.

Hayo si maneno ya mzee wa Jang'ombe tu. Mji Mkongwe wote umeandikwa katika urithi wa dunia na UNESCO tangu mwaka 2000, na Mamlaka ya kuuhifadhi ilikuwapo kabla ya hapo, tangu 1985. Hata hivyo nyumba huanguka. Wengi wa wenye majumba hayo waliondoka au walinyang'anywa baada ya 1964, na waliotiwa ndani kupanga, wengi wao wakitoka huku kwetu Ng'ambo na mashamba, hawakuwa na uwezo wa kununua chokaa wala sababu ya kutengeneza kisicho chao. Siwalaumu, nyumba isiyo na mwenyewe haina anayetazama dari yake. Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, jumba lililopigiwa mizinga ya Waingereza mwaka 1896 likabaki limesimama, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 wakati likitengenezwa, na watu wawili wakafa chini ya kifusi. Mizinga haikuliweza, maji yaliliweza.

Misikiti ya mjini hali zake ni mbalimbali. Msikiti wa Mnara wa Malindi bado una mnara wake wa duara uliochongoka, ambao mfano wake ni michache katika pwani hii yote. Msikiti wa Ijumaa wa Malindi ulijengwa upya mwaka 1994 kwa namna mpya ya Kiarabu, mzuri, mpana, na wenye kusali humo wamestarehe. Mgeni lakini hawezi kujua kwa kuutazama kwamba mahali hapo pamesaliwa tangu lini. Sisemi kuwa walifanya vibaya. Nasema kuwa Kizimkazi mwaka 1770 walifanya vyote viwili.

Na jambo hili si letu Waislamu peke yetu. Hurumzi, ukipita njia nyembamba baina ya maduka, utaliona hekalu la Wahindu la Shiv Shakti na mnara wake juu ya mapaa. Wahindu, ambao wazee wetu waliwaita Mabaniani, wamekaa Unguja tangu zama za Sayyid Said; mmoja wao, Jairam Shivji, ndiye aliyekodishwa forodha ya Unguja. Huko kwao Bara Hindi hawakuwa na matumbawe bali udongo, nao katika nchi tambarare ya mto Ganges, ambako mawe ni haba, walijenga mahekalu kwa matofali ya kuchoma. Hekalu la Bhitargaon, karibu na Kanpur, ni la karne ya 5, na la Lakshmana huko Sirpur ni la karne ya 7. Yote mawili yamesimama kwa matofali mpaka leo, yenye mapambo ya kuchongwa, ijapokuwa juu yake yamemeguka. Idara ya mambo ya kale ya Bara Hindi ndiyo inayoyatunza. Na mbali zaidi, katika nchi ya Vietnam, mahali paitwapo My Son, wafalme wa Champa walijenga minara ya ibada ya Kihindu kwa matofali yaliyoshikana hata hauoni chokaa baina yake. Mingi ilibomolewa kwa mabomu ya Wamarekani mwaka 1969. Walipokuja watu kuitengeneza wakakuta tabu ile ile aliyonieleza mzee mwashi: matofali mapya waliyotia yaliota kuvu na kutoa chumvi, na ya kale ubavuni mwake yamekaa makavu. Yaani kuvu la My Son na simiti la Unguja vinatufunza kitu kimoja, kwamba kila jengo lina damu yake, na ukilitia damu ya jengo jingine hulikataa.

Watu wa pwani yetu nao walizoea kujenga juu ya mahali pale pale. Huko Shanga, kisiwa cha Pate, Horton na wenziwe walichimba chini ya gofu la msikiti wa Ijumaa katika miaka ya 1980 wakakuta misikiti chini ya msikiti, wa chini kabisa ukiwa ni wa miti tu, wa karne ya 8. Wa miti ukafuatwa na mwingine, mpaka wa mawe, na kila mmoja umelala juu ya mwenziwe. Kilwa Kisiwani, Msikiti Mkuu ulianza ukiwa mdogo, wa nguzo, kisha zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman katika karne ya 14 ukapanuliwa kwa makuba. Wa kwanza haukuvunjwa, ulifanywa chumba cha kaskazini cha ule mkubwa. Magofu hayo ya Kilwa yaliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1981, yakatiwa katika orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, na baada ya kazi nyingi yakatolewa humo mwaka 2014. Kwa hiyo yawezekana kurudisha.

Jamaa wa msikiti wetu walipokutana nilisema hivi, na nasema tena hapa ili asije mtu akaninukuu vingine: Ghorofa na ijengwe, tena ijengwe kubwa, kwani watu wameongezeka na hakuna sharia inayomlazimisha mzee atonewe na maji. Lakini ukuta wa kibla na mihirabu yake isivunjwe. Ujengwe mpya kuuzunguka, kama walivyofanya wenzetu wa Dimbani, na ukuta huo utengenezwe kwa chokaa, si kwa simiti, na mzee fulani yupo anayejua kazi hiyo na yuko tayari kuifanya bure iwapo atapewa vijana wawili wa kujifunza. Mmoja akanijibu kuwa mwenye fedha ameweka sharti. Nikamwambia kuwa sharti la mtoaji husikilizwa katika mali yake, na ukuta ule si mali yake. Umekwisha kuwekwa wakfu na mtu aliyemtangulia, na wakfu hauna mwenyewe isipokuwa Mwenyezi Mungu. Yeye ni mtu mwema, nami natumai atafahamu akielezwa kwa upole. Barua amepelekewa. Vijana wawili wamekwisha patikana, na mmoja ni miongoni mwa waliokuwa na mimi Kizimkazi.

Nimalizie kwa msomaji atakaye kwenda kuona mwenyewe. Kizimkazi ni safari ya asubuhi na kurudi alasiri. Aende na udhu wake, na awaombe ruhusa wasimamizi. Asiye Muislamu huruhusiwa kuingia nje ya nyakati za swala, kwa kuvua viatu na kujisitiri. Asiguse maandishi, kwani tumbawe halipendi mafuta ya mikono, na akitaka kusaidia atoe cha chokaa.

Mwenye nafasi zaidi na aende Tumbatu, na huko aone upande wa pili wa jambo hili. Mashua huvuka kutoka Mkokotoni. Upande wa kusini wa kisiwa, Makutani, karibu na Jongowe, pana magofu ya mji ambao Yaqut al-Hamawi aliusikia habari zake akauandika katika karne ya 13, akisema kuwa watu wa Unguja walihamia Tumbatu na kwamba watu wake ni Waislamu. Mji huo ulihamwa katika karne ya 14. Msikiti wake mkubwa ulikuwa pembezoni mwa bahari, wa mawe, kazi ya mafundi wa namna ile ile ya Kizimkazi. Hapakuwa na mtu wa kuupaka chokaa kabla ya Ramadhani. Paa halipo, mizizi imeingia katika kuta, na kila bamvua maji ya bahari husogea karibu. Mtu atakaye kwenda na achague siku ya maji mafu, avae viatu vigumu kwa ajili ya miiba, na amchukue kijana wa Jongowe amwongoze, kwani njia ya kwenda huko haionekani isipokuwa kwa mwenyeji.